UCHAMBUZI: Akili Mnemba Yaanza Kushika Kamera ya Katuni

Katuni zinazotengenezwa kwa kompyuta hazina kamera ya kushikwa mkononi. Hata hivyo, sharti mtu aamue tukio lionekane kutoka upande gani, kwa umbali gani na kwa muda gani. Kazi hiyo imeanza kukabidhiwa akili mnemba.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1996 watafiti Li-wei He, Michael Cohen na David Salesin walieleza mfumo uliogeuza mazoea ya wapigapicha wa sinema kuwa kanuni za kompyuta. Kwa mfano, wahusika wawili wanapozungumza, kamera hubaki upande mmoja wa mstari unaowaunganisha ili mtazamaji asichanganyikiwe. Mifumo mipya huenda mbali zaidi, kwani hujifunza kutokana na filamu zilizokwisha kutengenezwa.

Kwa studio ndogo, zikiwemo za Dar es Salaam, ambako katuni za Ubongo Kids zilianza kurushwa mwaka 2014, unafuu ni dhahiri: saa za kujaribu mpangilio wa picha zinaweza kupungua. Lakini mfumo uliofunzwa kwa filamu za ng'ambo huelekea kurudia mtazamo wa ng'ambo. Aidha, vijana wanaojifunzia ufundi katika kazi hizo za awali wanaweza kukosa pa kuanzia.

Kwa hiyo, sera za sanaa na teknolojia hazina budi kulinda mambo mawili: mafunzo ya vijana hao, na haki za wenye filamu zinazotumika kuifunza mitambo.