GARI NA NYUMBA: Injini Kubwa Ndani ya Land Rover Kuukuu



Majuma machache yaliyopita alinijia nyumbani sajini mmoja wa polisi aliyestaafu, akifuatana na mkewe. Wanayo Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, waliyoinunua ikiwa haitembei. Shamba lao la kahawa liko juu katika miteremko ya Mlima Elgon, na kila msimu wa mvua hulazimika kuwalipa wenye malori bei yoyote wanayotajiwa.

Sajini alikuwa amepokea kiinua mgongo chake, na shauri alikuwa amekwisha kulikata. Ataing'oa injini ya asili ya lita 2.25, atie dizeli ya Isuzu ya lita 3.9, kisha afunge difu za Range Rover mbele na nyuma ili gari lipate mbio. Tayari alikuwa ameonyeshwa difu mbili, na muuzaji alikuwa akidai arubuni kabla ya Jumamosi.

Mkewe alisikiliza maelezo yote, halafu akasema, "Fundi, mimi sijui difu ni nini. Nataka kujua jambo moja tu: fedha hizi zikiisha, kahawa yetu itateremka?"

Ndugu msomaji, kila anayetaka kujitengenezea gari la milimani aanze na swali la mama huyu. Gari ni la kazi gani, litapita wapi, na litabeba uzito gani? Asiyejibu hayo kwanza hununua vyuma vizuri visivyopatana.

Tuanze na difu. Difu ya asili ya Series III ina uwiano wa 4.7, yaani shafti huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ile ya Range Rover ya zamani ni 3.54. Mtu hufurahia hesabu ya barabarani: kwa tairi za 7.50-16, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika katika gia ya nne, difu ya 4.7 hulipeleka gari karibu kilometa 83 kwa saa, na ile ya 3.54 karibu kilometa 110.

Lakini hesabu ya mlimani ni nyingine. Gia ya kwanza ni 3.68, na gia ya nguvu katika kile kisanduku cha pili ni 2.35. Ukizidisha hizo kwa 4.7, injini huzunguka takriban mara 40 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Ukiweka 3.54, zinabaki takriban 30. Umeitoa robo ya nguvu ya kupandia, na pia robo ya uwezo wa injini kulizuia gari linapoteremka na mzigo. Ukiongeza tairi kubwa za 9.00-16, kama vijana wapendavyo, utapoteza sehemu nyingine kama ya kumi, na saa ya mwendo itakudanganya: itaonyesha mwendo mdogo kuliko ule unaokwenda.

Sajini alinijibu kwa adabu, "Lakini afande, jeshi la Australia lilitia injini hiyo hiyo katika Land Rover zake."

Ni kweli. Magari yale huitwa Perentie, na jeshi lile lilianza kuyapokea mwaka 1987. Lakini mtu asitazame injini peke yake. Hayo yalikuwa magari ya namba 110, yenye springi za koili na giaboksi ya LT95 iliyotoka katika ukoo wa Range Rover. Fremu zake zilichovywa zinki zisiliwe na kutu. Wahandisi walipanga mstari mzima, tangu injini hadi gurudumu. Giaboksi ya Series III haikuundwa kwa injini ya namna hiyo, wala hafu shafti za ekseli zake nyembamba, ambazo sifa yao ya kukatika inajulikana katika kila karakana. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Ukiongeza nguvu ya kuvuta bila kutazama pabovu, unachagua tu mahali pa kukatikia, na mara nyingi ni mbali na nyumbani.

Baada ya maneno hayo tulitoka nje, nikalala chini ya gari lao kwa tochi. Ekseli ya nyuma ilikuwa na mfuniko mgongoni, umeshikwa kwa bolti pande zote. Hiyo ni ekseli ya Salisbury, ambayo Land Rover nyingi ndefu za Series III zilikuwa nayo. Ni ekseli imara sana, lakini difu ya Range Rover haiingii ndani yake. Huingia katika ekseli ya Rover, ile yenye mgongo wa mviringo usiofunguliwa, ambayo difu yake hutolewa kwa mbele.

Basi difu moja kati ya zile mbili isingekuwa na mahali pa kukaa. Nayo ile ya mbele, kama ingefungwa peke yake, ingeleta hatari. Gari lenye 3.54 mbele na 4.7 nyuma, likiunganishwa magurudumu yote manne, ekseli zake hushindana. Kwenye tope huteleza na mtu asitambue. Kwenye ardhi kavu shafti hujipinda na kujikaza mpaka kitu kivunjike. Sajini alinyamaza. Mkewe aliuliza, "Na arubuni ingerudi?" Hakuna aliyemjibu.

Kwa wale ambao bado wanataka injini kubwa, sikatazi. Nasema tu kazi ipangwe kwa utaratibu huu, na kila hatua iandikwe, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari.

Kwanza, fremu. Igonge kwa nyundo kila mahali, hasa sehemu za nyuma na pale springi zinaposhikwa. Kwenye kutu hakufungwi injini.

Pili, breki, springi na usukani. Injini nzito huilemea ekseli ya mbele, na gari lenye mbio zaidi linahitaji breki bora zaidi.

Tatu, ekseli na difu. Zitambue ni za aina gani, na uwiano wa mbele uwe sawasawa na wa nyuma.

Nne, giaboksi na klachi zinazostahimili injini uliyoichagua, na shafti zilizokatwa kwa urefu mpya.

Tano, na mwisho kabisa, injini, pamoja na vishikio vyake, rejeta, bomba la moshi na nyaya. Vitu hivi vidogo ndivyo humaliza fedha. Robo ya fedha zote iwekwe kando isiguswe mpaka gari litembee. Tena namba mpya ya injini iandikishwe kwa wenye mamlaka, na hati ya mauzo ihifadhiwe. Askari mstaafu asije kusimamishwa barabarani na vijana aliowafundisha kazi.

Sajini na mkewe walirudi Jumapili iliyofuata na daftari la shule. Mama ndiye aliyeandika. Shamba lao liko maili tisa kutoka barabara kuu, zote za mlima. Mbio hazina kazi huko. Wamekubaliana kuifufua injini ile ile ya lita 2.25, kubakiza 4.7 mbele na nyuma, kufanya upya breki zote, na kuongeza majani ya springi za nyuma kwa ajili ya magunia. Jumla yake haikufika nusu ya shauri la kwanza.

Sajini alicheka kidogo akasema alikuwa ameota kuyapita mabasi njia ya Mbale. Mkewe alilifunga daftari, akamwambia, "Mzee, mabasi hayateremshi kahawa."