Basi likilala Mwanza, siku isilale

Basi la kwenda Sirari lilikuwa liondoke stendi ya Nyamhongolo, Mwanza, saa 12 asubuhi. Saa 2 abiria wanaambiwa gari ni bovu, spea inasubiriwa, safari ni kesho. Pembeni amesimama mama mfanyabiashara kutoka Migori, Kenya, pamoja na mumewe, watoto wawili, mabegi na magunia mawili ya mchele. Walikuja harusini kwa ndugu, wakaona wasirudi mikono mitupu. Sasa wana siku nzima ambayo hawakuipangia hata senti.

Familia ya mfano huu ingeweza kuwa ya mtu yeyote anayeishi kwa kuvuka mipaka. Siku ya namna hii huwapata watu Mutukula, Rusumo, Namanga na Tunduma. Gari huharibika, meli hughairi safari kwa upepo, karatasi moja hukosa mhuri. Mfanyabiashara hana uwezo wa kuizuia. Uwezo alio nao ni kuamua aitumieje, na hapo ndipo wengi hukosea.

Kosa la kwanza ni kulazimisha safari. Hutokea kijana mwenye gari dogo, anaahidi kuwafikisha mpakani usiku huohuo, na kwamba anaijua njia ya kupita pembeni ya kituo. Anayeingia humo na watoto na mzigo ameweka rehani kila kitu: mtaji, hati ya kusafiria na usalama wa familia. Mchele ambao mchana ungepita kwa utaratibu, usiku kwenye njia ya panya unageuka magendo. Wahenga walisema kawia ufike.

Kosa la pili ni kujifungia gesti kutwa, wakubwa wakilalamika na watoto wakigombania simu. La tatu halisemwi sana, nalo ni kukimbilia kununua. Mtu anaona ameletewa bahati, anaingiza nauli na hela ya chakula kwenye mzigo ambao hakuufanyia hesabu, kisha anafika mpakani hana cha kulipia ushuru.

Siku ya ziada ni ya kuuliza, si ya kununua. Ni ya familia pia, kwa sababu safari ilikuwa yao wote tangu mwanzo.

Saa moja ya mwanzo iende kwenye mambo ya lazima. Tiketi ya zamani isiachiwe mpaka safari ya kesho iandikwe kwenye karatasi. Abiria aliyekatiwa tiketi ana haki, na nchini Tanzania malalamiko ya usafiri wa nchi kavu hupelekwa LATRA. Nauli na pesa za mpakani zitengwe kabla ya kitu kingine. Tarehe kwenye mhuri wa uhamiaji iangaliwe, isije ikapita bila mtu kujua. Mteja anayesubiri mzigo apigiwe simu, maana aliyearifiwa huvumilia.

Baada ya hapo, asubuhi iliyobaki inatosha kwa Mwaloni Kirumba. Soko hili la samaki na dagaa wakavu lina wanunuzi kutoka Kongo, Rwanda, Burundi, Uganda na Kenya. Watoto wa Migori watakutana na kitu wanachokijua kwa jina jingine. Dagaa wa Mwanza ndiye omena wa Kisumu na mukene wa Kampala. Sangara ndiye mbuta wa Wakenya. Tanzania ina takriban nusu ya Ziwa Victoria na Kenya ina asilimia 6 tu, lakini mikono inayomgusa dagaa mmoja kabla hajafika sahanini huenda ikatoka nchi tatu.

Hapo mama atajifunza yale ambayo simu ya dalali haimwambii. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mbalamwezi ikikomaa mitumbwi hupumzika, mzigo hupungua na bei hupanda. Dagaa waliokaushwa juu ya vichanja hawana mchanga kama walioanikwa chini, na tofauti hiyo huonekana kwa kushika kiganjani. Kayabo, yaani sangara wa chumvi, ana wateja wake hasa wa upande wa Kongo, na si kila mzigo unaopendwa Goma utapata mnunuzi Kisii. Aulize vipimo, aulize gharama ya upakiaji, achukue namba za simu za wauzaji wawili au watatu. Aulize pia vibali, kwani samaki wana masharti yao ya uvuvi na ya afya.

Aliyefanya hivyo atakuja safari ijayo akiwa na hesabu mkononi. Atajua kama mzigo wake utaingia kwenye utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya na iliyomo kwenye orodha iliyokubaliwa hupewa cheti rahisi cha uasilia palepale mpakani, ikasamehewa ushuru wa forodha. Cheti hicho hakiondoi masharti ya afya na ubora, lakini humwondoa mfanyabiashara mdogo mikononi mwa vishoka.

Mchana uwe wa watoto. Jiwe la Bismarck linatazamwa ufukweni bila kulipa. Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa iliyo hatua chache kutoka mjini kwa boti, kina kiingilio nafuu kwa raia wa Afrika Mashariki, mradi mtu awe na kitambulisho. Wakitaka kubaki upande wa stendi, Kisesa iko kwenye barabara hiyohiyo ya Musoma, na hapo Bujora kuna makumbusho ya Wasukuma yenye ngoma na historia ya watemi.

Wapo watakaosema haya ni ya wenye nacho, kwamba mama mwenye magunia mawili hana pesa ya matembezi. Hoja hiyo ina uzito. Usiku mmoja wa gesti na milo mitatu ya watu wanne inaweza kumeza faida yote ya mchele. Ndiyo maana kampuni ya basi inayolaza abiria haipaswi kuishia kusema samahani, na ndiyo maana mkono wa mamlaka ufike hadi kwa msafiri wa kawaida. Hata hivyo gharama ya kulala imeshaingia. Kukaa chumbani hakuirudishi, na kutembea sokoni na ufukweni hakuiongezi sana.

Kuna jambo jingine kubwa kuliko faida. Wafanyabiashara wengi wameivuka Sirari miaka nenda rudi, na Tanzania wanayoijua ni foleni, mhuri na ghala. Mwenzao wa Mwanza naye anaijua Kenya kwa namna hiyohiyo. Mikataba husainiwa na marais, lakini ujirani huanza pale mtoto wa Migori anapogundua kwamba omena wa nyumbani kwao ana jina Mwanza, na aliyemwambia ni mama muuza dagaa aliyemwita mwanangu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya ziada ndiyo hiyo ya jembe. Kesho saa 12 basi likiondoka, magunia yatakuwa mawili yaleyale, ila mama atakuwa na namba tatu mpya kwenye simu na watoto watakuwa na la kusimulia shuleni.