Wastani Hautembei kwa Miguu

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 tunakuta tatizo la ugavi: wajane wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakujibu kwamba walio wengi wameshapata. Walisikiliza manung'uniko, wakaagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia jambo hilo.

Leo kazi hiyo inasaidiwa na hisabati. Mwaka 1964 S. L. Hakimi alichapisha makala kuhusu mahali bora pa kuweka kituo katika mtandao. Humo kuna maswali mawili tofauti. Ni wapi jumla ya umbali wa wote inakuwa ndogo kabisa? Na ni wapi aliye mbali zaidi anasogezewa huduma kadiri iwezekanavyo?

Tuchukue mfano wa bohari ya dawa. Barabara ni moja, kilomita 100. Mwanzoni wanaishi watu 900, mwishoni 100. Swali la kwanza linaiweka bohari kwa wale 900, na wastani unakuwa kilomita 10. Lakini hakuna hata mmoja anayesafiri kilomita 10! Watu 900 hawasafiri kabisa, na 100 wanasafiri kilomita 100. Swali la pili linaiweka katikati, na kila mtu anasafiri 50.

Kompyuta hujibu swali lililoulizwa, haituchagulii swali. Kuchagua ni kazi ya maadili. Gaudium et Spes, namba 26, inapoeleza manufaa ya wote, inataja makundi na pia kila mmoja aliye ndani yake. Basi wastani peke yake si kipimo cha kutosha.

Je, tuwasumbue watu 900? Hapana. Hisabati inaruhusu kuweka sharti kwanza: asiwepo aliye mbali kupita umbali fulani. Kisha tunatafuta gharama ndogo ndani ya sharti hilo. Pengine itahitajika bohari ndogo ya pili. Gharama itapanda, nasi tuikubali kwa uwazi.

Tuanzie nyumbani. Sadaka ya chakula ya Kwaresima ikigawiwa parokiani tu, itawafikia kwanza walio jirani. Kabla ya kugawa, kamati ya Karitas iwaulize viongozi wa jumuiya ndogondogo: kigango cha mbali kabisa ni kipi, na nani huko hawezi kuja? Majina hayo yatangulie katika orodha.