Dalali wa nyumba ni wa nani?

MKULIMA wa Kilombero aliyeuza mpunga na sasa anatafuta nyumba Morogoro mjini humpata dalali kabla ya kumwona mwenye nyumba. Wanazunguka mitaa siku nzima, nauli analipa yeye, na jioni anaamini kapata mtu wake. Hesabu haisemi hivyo.

Tuseme nyumba inatajwa shilingi milioni 20 na muuzaji amemwahidi dalali asilimia 10. Mnunuzi akipunguziwa milioni 3, dalali anapoteza 300,000. Nani atapigania hasara yake mwenyewe? Hapo hakijaongezwa "cha juu", nyongeza ambayo mara nyingi hata mwenye nyumba haijui. Wakulima wanaufahamu mchezo huu kwenye mazao, ila wakifika mjini wanausahau.

Dalali wa mnunuzi ni yule anayelipwa na mnunuzi peke yake, kiasi kilichoandikwa, kisichopanda na bei. Wengine ni wa muuzaji, hata wakiwa wakarimu. Kwa hao, bei isikiwe kwa mwenye nyumba mwenyewe. Hati, kama ipo, ikaguliwe kwa Msajili wa Hati. Mke au mume wa muuzaji naye aulizwe, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa yake.