Bibi Ataanza Kuongea Lini?



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi safari ambayo familia nyingi za Same na milima yetu ya Upare zinaifahamu. Kijana husoma, hupata kazi Ulaya au Marekani, hufunga ndoa huko na kujaliwa watoto. Kisha siku moja simu huita: “Mama, njoo uwaone wajukuu.”

Bibi mmoja tunayemfahamu aliitikia mwito huo. Aliacha tangawizi yake huko Mamba mikononi mwa jirani, akashuka hadi Same mjini, akapanda basi la Moshi, na kutoka KIA akasafiri hadi Ujerumani. Ulikuwa mwezi wa Juni. Huku kwetu milima ilikuwa imefunikwa na ukungu wa kipupwe, kule walikuwa katika kiangazi chao. Viza ya matembezi ya nchi zile humruhusu mgeni kukaa siku 90, naye alizihesabu zote kwa furaha.

Aliporudi alikuja kutusalimu. Tulitazamia simulizi za treni na maghorofa, lakini yeye alianza kutusimulia habari za jua. Hapa kwetu jua huzama karibu saa 12:30 jioni mwaka mzima, na hapo ndipo rozari ya familia huanza. Kule lilizama baada ya saa 3 usiku, watoto wamekwisha kulala. Basi akaamua kuwaita mapema, kabla ya chakula. Wakaja, wakaketi miguuni pake, wakashika rozari. Alipoanza kusali Baba Yetu, walibaki wakimtazama midomo. Mdogo wao, mwenye miaka mitano, akamgeukia mama yake na kumwuliza jambo kwa Kijerumani. Mama alisita kulitafsiri. Mwishowe akasema: “Anauliza, Bibi ataanza kuongea lini?”

“Baba Paroko,” bibi yule alituambia, “nilikuwa nimeongea tangu siku niliyofika.”

Ndugu wapendwa, swali la mtoto yule halijatutoka moyoni. Hatuandiki haya ili kuwalaumu wazazi. Wanafanya kazi kwa zamu, wanarudi wamechoka, na ni haki mtoto ajue vema lugha ya nchi anamoishi na kusoma. Lakini tunaona kwamba tumejidanganya kwa kufikiri kwamba tiketi ya ndege inatosha kumfikisha bibi kwa wajukuu. Siku 90 haziwezi kufanya kazi ambayo haikufanywa katika miaka mitano.

Sisi watu wa Upare tunaijua ndiva. Wazee wetu walichimba mabwawa hayo mlimani ili maji yakusanyike usiku, na asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva inaweza kujaa hadi ukingoni, lakini mfereji ukiziba majani na tope, shamba la chini litakauka. Ndiyo maana watu walitoka msaragambo kusafisha mifereji. Bibi ni ndiva iliyojaa. Mfereji ni baba na mama.

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano unaofanana na hali hii. Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo, anaikumbuka imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike. Timotheo alikulia Listra, mbali na Yerusalemu, na baba yake alikuwa Mgiriki. Alikuwa, kwa lugha ya leo, mtoto wa ughaibuni na wa ndoa ya mchanganyiko. Hata hivyo alifundishwa Maandiko tangu utoto, na Paulo anapoitaja imani yake hamruki mama aliyesimama katikati.

Huenda mtu akasema: Mungu husikia lugha zote, mtoto akisali Kijerumani kuna ubaya gani? Hakuna ubaya wowote. Siku ya Pentekoste kila mmoja alisikia kwa lugha yake. Mungu atamsikia mtoto huyo. Tunayemhofia ni mtoto mwenyewe, asiyeweza kumsikia bibi yake.

Wala tusiwanyooshee kidole walio mbali tu. Ni watoto wangapi hapa Same mjini wanaopanda kwenda Gonja, Mamba au Chome wakati wa likizo, na hawawezi kumjibu bibi anaposema nao Chasu? Kwao barabara ya mlimani imefanya kazi ileile ya ndege.

Kwa hiyo tunawasihi ninyi wazazi, mlio mbali na mlio karibu. Udongo uwahi ungali maji. Semeni na watoto lugha ya nyumbani, hata kama wanajibu kwa nyingine. Salini Baba Yetu kwa Kiswahili walau jioni. Mnapopiga simu Jumapili, msiongee ninyi peke yenu na mama. Mpeni mtoto simu, hata kwa salamu moja. Na mkimwalika bibi, mwalikeni kama bibi, msimfanye yaya wa bure wa kufungiwa ndani hadi mrudi kazini. Mpelekeni Misa.

Tangu mwaka 2021 Kanisa huadhimisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani katika Jumapili ya 4 ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, tarehe 26. Siku hiyo tuanze kusafisha mifereji ya nyumba zetu.

Bibi yule, kabla ya kuaga, alituambia kwamba usiku wa mwisho mjukuu wake mdogo alimshika mkono na kufanya ishara ya msalaba, akitamka kwa Kiswahili neno moja tu: “Amina.” Anamshukuru Mungu kwa neno hilo. Sisi tunaomba yaongezeke mengine angali hai.

Mungu awabariki nyote.