Usimtie Samaki Mgeni Tangini Kabla ya Kujua Ataishia Wapi

Watu wengi wa pwani huijua Kiambere kwa jina la umeme tu. Ni bwawa la mwisho katika yale matano ya Mto Tana, likifuata Masinga, Kamburu, Gitaru na Kindaruma, na mitambo yake ilianza kazi mwaka 1988. Upande mmoja ni Mbeere, nchi ya Embu. Ng'ambo ni Kitui. Mtu wa Lamu au Malindi akilisikia jina hilo haoni limhusu nini. Lakini maji yapitayo katika mitambo ya Kiambere ndiyo hayo hayo yapitayo Garissa, Hola na Garsen, yakaja kumwagika baharini karibu na Kipini. Kitiwacho huko juu chaweza kutufikia huku chini, na si matope peke yake.

Nimetaja Kiambere kwa sababu nataka kusema habari ya jambo linaloanzia sebuleni, nalo ni ufugaji wa samaki wa mapambo katika tangi la kioo. Mtindo huu umeingia majumbani mwetu, na mimi si katika wale wanaouona kuwa ni upuuzi. Kumtazama samaki akiogelea jioni, taa ikiwaka na pampu ikitoa mapovu, kunatuliza moyo kuliko vipindi vingi vya televisheni. Wala dini haikatazi. Wanavyuoni wamekwisha kuitaja habari ya yule mtoto, Abu Umair, aliyekuwa na kidege chake, na Mtume (S.A.W.) alimfanyia maskhara ya upole wala hakumkataza. Na wakati huo huo twaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Ruhusa ipo, na mzigo upo.

Neno langu ni kwa wale wanaoongeza samaki. Tangi la kwanza aghalabu huenda vizuri. Ni yule mgeni wa tatu au wa nne ndiye aletaye msiba, kwa kuwa amenunuliwa kwa macho. Mtu aingia dukani, aona samaki mwekundu, au mwenye mistari, au mwenye mdomo wa ajabu, naye yu urefu wa kidole tu, amtia mfukoni na kwenda zake. Hakuuliza atakua kiasi gani. Hakuuliza anakula nini. Hakuuliza kama waliomo tangini watamweza, au yeye atawaweza wao.

Tangi ni nyumba isiyo na mlango. Mtaani, jirani akikuchosha utahama, au utafunga dirisha. Samaki ataenda wapi? Akifukuzwa pembe hii atakimbilia pembe ile, na asubuhi utamkuta mapezi yamechanika. Basi kipimo cha kwanza ni kinywa: samaki awezaye kuingia kinywani mwa mwenzake, siku moja ataingia. Oska wa Amerika ya Kusini, auzwaye akiwa mdogo na mzuri kama kitoto cha paka, hufika urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, na gapi wako wote watakuwa chakula chake. Kambare ni hivyo hivyo, tena yeye hufanya kazi yake usiku. Utaamka uhesabu samaki, usijue wezi wameingilia wapi.

Kipimo cha pili ni maji, na hapa watu wa pwani tuna shida yetu wenyewe. Visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe. Maji yake ni magumu: sabuni haitoi povu kwa urahisi, na birika hushika ukoko mweupe. Maji hayo huwafaa gapi, na huwafaa sana mbuna wa Ziwa Malawi na samaki wa Tanganyika, ambao maziwa yao yana maji ya namna hiyo. Tetra wa neoni, atokaye katika vijito laini vya Amazoni, hapati raha ndani yake. Kinyume chake, mwenye tangi aliye karibu na Tana, atumiaye maji yaliyoteremka Mlima Kenya na Nyandarua, ana maji laini zaidi kuliko ya Mombasa. Muuza duka anayekuuzia mbuna na tetra katika mfuko mmoja hakutakii mema, au hajui kazi yake. Na mwenye kutumia maji ya mfereji asisahau klorini: ayaache wazi katika ndoo usiku kucha, au atumie dawa ya kuiondoa.

Tabia nayo ina hesabu yake. Samaki wadogo waendao kwa makundi wakiwa wawili hujificha na kudhoofika. Watie sita au zaidi. Mbuna dume hushika jiwe lake kama mtu aliyeandikiwa hati ya shamba. Kabla ya kumtia mgeni, yasogeze mawe na mimea upya, ili kila mmoja awe amehama, pasiwe na mwenyeji wala mgeni. Wape waliomo chakula kwanza, zima taa, ndipo umtie.

Na asitiwe siku ile ile ya kununuliwa! Hapa ndipo ugonjwa huingilia, kama yale madoadoa meupe mfano wa chembe za chumvi, ambayo samaki mmoja huyaleta na tangi zima likaisha. Mweke katika chombo cha pembeni, hata kama ni beseni kubwa lenye pampu ya hewa, muda wa majuma mawili hadi manne. Akila na kuchangamka, mhamishe: uelee mfuko wake juu ya maji robo saa mpaka joto lilingane, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo, kisha mtoe kwa wavu. Maji ya mfukoni yamwagwe nje. Tena wasiongezwe wengi kwa pamoja. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, na vijidudu vyenye faida vinavyoishi katika chujio ndivyo viigeuzavyo. Tangi jipya lataka kama majuma manne hadi sita vijidudu hivyo vipate kuzaana. Ukileta samaki kumi kwa siku moja umevizidishia kazi.

Mambo haya yote mtu aweza kujifunza. Lipo moja ambalo halisemwi, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Samaki akizidi hutupwa wapi?

Tuseme kijana wa Malindi amepata kazi Kiambere. Ana tangi lake chumbani, ndani mna gapi, oska mmoja, na yule samaki mnyonya kioo auzwaye kuwa msafishaji. Kwa nini asiwe nalo? Jioni za Mbeere ni ndefu na zina joto. Mwaka wa pili oska amekula gapi, mnyonyaji amekua hata hawezi kugeuka, na barua ya uhamisho imefika. Tangi halibebeki katika basi. Kuwaua hataki, moyo wake ni mwema. Basi achukua ndoo, ateremka bwawani magharibi, awamwaga, na moyoni ajiambia kwamba amewapa uhuru.

Huruma hiyo ndiyo niiogopayo. Samaki wa joto akimwagwa katika vijito baridi vya Mlima Kenya huenda akafa usiku ule ule. Maji ya Kiambere hayatamwua kwa baridi. Na mto una wenyewe. Mna perege wa asili, ambaye dume huchimba kiota mchangani na jike hubeba mayai kinywani. Mna kambare. Mna mikunga wa maji baridi ambao huzaliwa baharini kwetu, huingia mtoni wakiwa wembamba kama uzi na kupanda juu, mpaka kuta za mabwawa zilipowakatia njia. Mna hata samaki wa ukoo wa mormirasi, wenye mdomo mrefu kama mkonga, ambao hutoa umeme hafifu wa kujitambulishia njia gizani. (Kwa hiyo wenye kuzalisha umeme katika Tana walikuwako kabla ya wahandisi.)

Wageni nao wamekwisha kuingia. Mwaka 1905, Mwingereza Ewart Grogan aliwatia samaki trauti katika Mto Gura, ambao maji yake huishia Tana, ili wazungu wenzake wapate kuvua kwa ndoana. Baadaye akaja kapi, samaki mnene wa Asia na Ulaya mwenye ndevu fupi mdomoni, ambaye sasa ni mwenyeji wa mabwawa ya Tana. Yeye hufukua matope akitafuta chakula, na maji yakavurugika. Sisemi kwamba mvuvi wa Mbeere hafaidiki na kapi. Anamvua, anamwuza, watoto wanakula. Nasema kwamba aliyeingia hakutoka tena.

Mtu atanijibu: mbona sangara aliletwa Ziwa Viktoria, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na viwanda vikajengwa, na fedha zikaingia? Ni kweli. Lakini aulizwe pia habari ya furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi ambao jamii zake zilikuwa mamia, na nyingi zimetoweka kwa sababu ya sangara na kuchafuka kwa ziwa. Aulizwe habari ya ngege wa asili, aliyekuwa sifa ya meza za Kisumu, na nafasi yake ikachukuliwa na perege wa kuletwa kutoka kwingine. Na la kuchekesha, kama linachekesha, ni kwamba baadhi ya furu hao leo wamebakia katika matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani, wakifugwa na watu wasiopata kuliona ziwa lao.

Na akisema kwamba sangara alitiwa na wakubwa, kwamba ndoo moja ya mfugaji haiwezi kitu, nitampeleka Meksiko. Liko bwawa la umeme liitwalo Infiernillo, katika Mto Balsas. Wavuvi wake walikuwa wakitegemea perege, ambao huko ni wageni waliotoka Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyavu zikaanza kutoka zimejaa samaki mwingine, mwenye magamba magumu kama kifaru cha vita na miiba inayopasua nyuzi. Hakununuliwa na mtu, na perege wakapungua. Huyo alikuwa ni yule yule mnyonya kioo wa Amerika ya Kusini, samaki wa mapambo, auzwaye akiwa urefu wa kidole. Huchimba mashimo katika kingo na kutaga humo, na wavuvi wa huko walimwita samaki shetani. Mjini, tangini, huitwa msafishaji.

Bwawa la umeme, perege, wavuvi wadogo wenye mitumbwi: nabadilisha jina moja tu na hadithi yote yaweza kuwa ya Kiambere. Tena Kiambere si mwisho wa mto. Chini yake mna Wapokomo wavuao katika maziwa ya kando ya Tana, na Wasanye, na Waorma wanyweshao ng'ombe, na mwisho kabisa ni mikoko ya Kipini.

Kwa hiyo mimi ningependa swali la dukani ligeuzwe. Badala ya kuuliza bei, mtu aulize: akizidi tangi langu, utampokea? Muuzaji akisema ndiyo, mnunue. Akisema hapana, basi ujue kwamba unanunua samaki wa maisha yake yote, ambayo kwa mnyonya kioo ni zaidi ya miaka kumi, na tangi lake ni la kuchukua nusu ya sebule. Wafugaji wa mji mmoja nao wajuane, aliye na ziada ampe asiye nayo. Maji machafu ya tangi yamwagwe katika mchanga wa bustani, yasiende kwenye mtaro uendao mtoni, kwa maana humo mna mayai, konokono na vipande vya mimea. Samaki mgonjwa asiyepona ni bora auawe kwa haraka, naye azikwe.

Na yule aliyemvua mtoto wa perege bwawani akamtia tangini kwa mapenzi, naye sasa amekuwa bwana mkubwa ang'oaye mimea na kuwafukuza wenzake wote pembeni, asihangaike kumtafutia bwawa. Ana ndimu, ana pilipili, ana kikaango.