Kunyoa bila damu wala vipele

Mtoto wa kaka yangu kule Kishushe aliitwa Voi Jumatatu moja kuhojiwa kwa ajili ya kazi. Jumapili jioni akachukua wembe wa babake, akajipaka sabuni ya kufulia na kukwangua kidevu kwenda na kurudi. Kulipopambazuka, shingo ilikuwa imejaa vipele na mikato mitatu.

"Shangazi, nitaingiaje ofisini na uso huu?" akaniuliza.

Wengi hudhani vipele hivi huletwa na uchafu. La hasha! Nywele zetu Waafrika zimejikunja. Zikikatwa karibu mno na ngozi, hubaki na ncha kali, na zinapoota hupinda zikarudi kuchoma ngozi, nayo huvimba kana kwamba imeingiwa na mwiba. Kwa hivyo, anayetaka kidevu laini kama yai ndiye anayejitafutia taabu. Nyembe zenye makali mawili au matatu huzidisha, kwani huvuta unywele kabla ya kuukata, nao huzama chini ya ngozi.

Kishushe ni nchi kavu na maji hayachezewi, lakini kazi hii haihitaji karai. Kikombe kimoja cha maji ya moto chatosha. Chovya kitambaa safi, ukiweke usoni kwa dakika chache ndevu zilainike. Paka povu jingi la sabuni ya kuogea isiyowasha. Tumia wembe mkali, kwani butu ndio ukatao. Nyoa kufuata nywele zinakoelekea, bila kuvuta ngozi wala kukandamiza, na usirudie mahali pamoja. Suuza kwa maji baridi, ujikaushe kwa kugusagusa, kisha upake mafuta mepesi yasiyo na manukato.

Vipele vikishatokea, pumzisha wembe kwa wiki tatu au nne. Usivitumbue, maana vyaweza kuacha makovu. Baadaye tumia mashine ya kunyolea, uache ndevu za kama milimita moja. Vikitoa usaha, nenda zahanati.

Kuna jambo zito zaidi. Wembe wa baba si wa mwana, wala wa mke si wa mume. Virusi vya homa ya ini ya aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na tone la damu lisiloonekana latosha kuambukiza. Virusi vya Ukimwi pia vyaweza kupitia njia hiyo. Kwa kinyozi, dai wembe mpya ufunguliwe ukiona.

Kaka alinung'unika kwamba huo ni ubadhirifu. Nikamwuliza, kati ya wembe na matibabu ya ini, kipi ghali? Akanyamaza. Sasa kila mmoja nyumbani mwake ana wembe wake.

Tukutane Jumapili ijayo.